Mkwe wa Muheza na Kompyuta Mbili za Bi Mwanaisha

Bi Mwanaisha alikuwa na namna yake ya kumsikiliza mtu. Aliinamisha kichwa kidogo, akamtazama kwa juu ya miwani, na msemaji akajikuta anajihoji kama kweli Kiswahili anakijua. Kwa miaka mingi alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya serikali hapo Lushoto, na katika miaka yote hiyo hakupata kuona bosi aliyestahili barua alizochapiwa. Mmoja hakujua nukta inakaa wapi. Mwingine alianza kila aya kwa "aidha", hata kama hakuna kilichotangulia. Bi Mwanaisha aliwasahihishia wote kimyakimya, kisha akirudi nyumbani akawasema wote kwa sauti, msikilizaji akiwa mumewe, marehemu Mzee Sheshe. Mzee Sheshe naye hakuwa na nafuu. Alikuwa mtu wa kutikisa kichwa na kufungua redio, na mkewe alimweka katika hesabu ya vyombo vya nyumba, vile visivyovunjika.

Soko huria lilipoingia na ofisi zikaanza kupunguza watu, naye alipunguzwa. Wenzake walilia, wengine wakazimia kabisa mbele ya mhasibu. Yeye alichukua kikombe chake cha chai na mto wa kiti chake, akawaambia waliobaki kwamba sasa watajua nani alikuwa anaiendesha ofisi, akapanda mlima kwenda kwake. Haukupita muda mrefu, mradi mmoja wa Wazungu uliokuwa ukifundisha watu kuchimba makingamaji ya kuzuia mmomonyoko ulifunga virago na kuuza vitu vyake. Watu waligombania magodoro na majiko. Bi Mwanaisha alinunua kompyuta. Nje ya nyumba akatundika kibao kilichoandikwa MWANAISHA — UCHAPAJI NA KUDURUFU, na kuanzia hapo walimu, makarani wa kata, maharusi na wafiwa wakawa wanapanda kilima kwake na karatasi zao, na kushuka wamesahihishwa.

Kompyuta hiyo ilikuwa nene, ya rangi ya maziwa yaliyochacha, nayo ilikaa chumbani anamolala. Kuna fundi aliwahi kuihamishia sebuleni, ikagoma kuwaka mpaka iliporudishwa ilipokuwa. Tangu siku hiyo amri ikawa haisogezwi. Ikiwashwa asubuhi iliuliza jina na neno la siri, kama walivyoizoesha kule mradini, naye aliandika "Mwanaisha" kwa fahari ya mtu anayesaini cheki ya serikali.

Mwaka ule, kaka yake aliyekuwa Dar es Salaam alimletea kompyuta mpya kabisa, nyembamba, nyeusi, pamoja na printa yake. Hizo zikawekwa sebuleni, wateja wazione. Kasheshe ikaanzia hapo. Kazi zote zilikuwa ndani ya ile ya zamani: mitihani ya majaribio ya shule, kadi za harusi, barua za vyama vya wakulima vilivyolalamikiana vizuri kuliko vilivyolima. Tundu la flopi lilikuwa limekufa kwa vumbi. Printa ya zamani ilikuwa haipati tena utepe. Ikabidi mashine mbili ziunganishwe kwa waya, ya chumbani ipeleke kazi kwa ya sebuleni, na hapo ndipo zikakataa. Fundi wa mjini alikuja, akapuliza vumbi, akanywa chai, akatangaza kwamba ya kale na ya kisasa hazielewani. Bi Mwanaisha alimwambia kwamba kama ni kutangaza tu, hata Mzee Sheshe angetangaza, na yeye yuko kaburini.

Sasa huyo wa Muheza.

Binti yake wa pekee, Hidaya, aliolewa Muheza na kijana mmoja Mbondei aliyesomea kompyuta Tanga kwa miezi kadhaa, na ambaye, kwa maoni ya mama mkwe, alisomea zaidi kuvaa kalamu kwenye mfuko wa shati. Kijana huyo aliuza mabati waliyokuwa wamenunua kwa ajili ya nyumba yao, akaleta kompyuta ya mtumba ili afungue darasa. Darasa halikufunguka. Mvua ikanyesha ndani. Hidaya akafunga begi, akapanda kwa mama yake amenuna.

Hasira za Hidaya zilikwisha baada ya wiki moja tu. Za mama yake ndiyo kwanza zilikuwa zinachemka. Kila Hidaya aliposhika begi, palitokea kazi: leo kuna kadi za maulidi, kesho kuna mitihani, keshokutwa nani atapika. Na jioni, wakimenya viazi, mama alimchambua mkwe wake kuanzia kalamu mpaka viatu. "Mtu hana adabu huyo. Mtu mwenye adabu huuza mabati ya mkewe? Huyo siku moja ataniita kwa jina langu mbele za watu, utaona."

Hilo lilikuwa tusi kubwa. Kwa ukoo wao, mkwe wa kiume hamtazami mama mkwe usoni, hakanyagi chumba anamolala, na jina la mama mkwe halimtoki, si kwa mdomo wala kwa kalamu. Mama mkwe hana mwiko huo. Yeye humwita mkwe wake atakavyo: wengine husema "baba", wengine "mwanangu", wengine hutaja jina tu na maisha yanaendelea. Bi Mwanaisha alichagua "huyo wa Muheza", na tangu harusi hakupata kubadilisha.

Miezi miwili ilipotimia, kijana akapanda kumfuata mkewe. Alikuja peke yake, bila mshenga, na hilo nalo likaandikwa kwenye makosa yake. Alisimama uani na begi la bisibisi, macho chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Bi Mwanaisha aliitikia kama mtu anayefunga dirisha. "Umefuata nini?"

"Nimekuja kuongea, mama. Nimpate mwenzangu, turudi nyumbani."

"Nyumba gani? Ile inayovuja?"

Kijana alizidi kuinamisha kichwa. Bi Mwanaisha akamwangalia yale mabega yaliyoinama, akaona dawa ya kumaliza maneno. Alimwambia kwamba yeye si alisema ni fundi? Basi sebuleni kuna kompyuta mpya na chumbani kuna ya zamani. Azipatanishe. Akiweza kabla ya gari la mwisho la kushuka Mombo, atashuka na mkewe. Akishindwa, atashuka peke yake na asipande tena bila wazee. Mpaka hapo, mume na mke wasisemezane. Hidaya alisimama mlango wa jikoni, mwiko mkononi, na mama yake akamtuma palepale Malindi, ile ya hukohuko milimani, kwa shangazi akachukue viazi.

"Malindi, mama? Leo?"

"Kwani viazi vinajua leo ni siku gani?"

Hidaya akaenda. Bi Mwanaisha aliingia chumbani, akavuta pazia la mlangoni, akakaa mbele ya mashine yake ya zamani. Kwa kuwa mkwe hawezi kuingia humo, yeye ndiye angekuwa macho ya fundi na mikono yake. Kazi hiyo aliifurahia kuliko alivyotarajia.

Kijana, sebuleni, alianza na waya. Alisema, kwa ile sauti yake ya kuomba radhi, kwamba kompyuta mbili zikiunganishwa moja kwa moja zinataka waya ambao nyuzi zake zimepishanishwa, na fundi aliyepita aliweka wa kawaida. Akaukata ncha, akapanga nyuzi upya, akaubana. Taa ndogo nyuma ya mashine mpya ikawaka kijani.

"Mama, kuna taa imewaka huko nyuma ya yako?"

"Imewaka. Hata kibatari huwaka."

Akaingia kwenye mashine mpya, akaipa namba yake. Akamwelekeza mama mkwe abonyeze wapi na wapi ili ya zamani nayo ipate namba ya jirani. Akauliza kundi la mtandao la ile ya zamani linaitwaje, akalifanya la mashine mpya lifanane. Akazima ukuta wa ulinzi ambao ile mpya ilikuja nao. Kila hatua Bi Mwanaisha alisomewa maelekezo na kila hatua alitoa hukumu. Alimuuliza kama Tanga walimfundisha hayo yote au mengine anayaota. Alipoambiwa "bonyeza sawa" alijibu kwamba si sawa, ila atabonyeza. Mwishowe kwenye kioo chake pakatokea picha ndogo ya kompyuta ya pili.

"Naiona hiyo yako," alisema, kidogo kwa kuudhika.

"Ee, zimeonana, mama!" Furaha ya kijana ilipita hata kwenye pazia. "Ibonyeze mara mbili."

Aliibonyeza. Kikatokea kijisanduku kinadai neno la siri. Bi Mwanaisha akaandika neno lake, lilelile la kila asubuhi. Kikakataa. Akaandika tena, herufi moja moja, kama anayemfundisha mtoto. Kikakataa.

"Imekataa."

Kijana akauliza polepole, "Mama, asubuhi ukiiwasha, jina unaloandika ni lile la kwenye kibao cha nje?"

"Ulitaka niandike la nani? Lako?"

"Hapana, mama."

Baada ya hapo fundi alipotea njia, au ndivyo alivyoonekana kwa mtu wa nyuma ya pazia. Alichapa kitu kwenye mashine mpya, akasema, "Jaribu tena, mama." Ikakataa. "Umeandika nini huko?" Bi Mwanaisha aliuliza. Akajibiwa kwamba ameiandikia "Mama Mkwe". Alicheka kwa sauti, cheko lake la ofisini, lile lililowahi kumfanya afisa mmoja aombe uhamisho. Kijana akachapa tena, "Mama Hidaya". Ikakataa. Akasema, kwa kusitasita, kwamba labda mama azime mashine yake, na ikiwaka aandike jina jingine lolote, hata "mama" tu, ili zilingane.

"Nijibadilishe jina ndani ya nyumba yangu ili wewe upate gari? Endelea na ufundi wako."

Wakati wa makande ya mchana ulifika. Alimpelekea sahani mpaka kwenye kizingiti cha sebule, akaiweka chini bila kumwangalia, akarudi. Kijana alikula kidogo sana. Bi Mwanaisha alimsikia akisogeza kiti, akiinuka, akikaa. Kijana akamwita tena. Akasema ipo njia nyingine, ya kufungua mlango wa wageni katika hiyo mpya, yeyote aliye kwenye waya aingie bila kuulizwa.

"Humu mna mitihani ya shule ngapi? Halafu wewe unaniletea wageni?"

"Waya ni huu mmoja tu, mama."

"Leo ni mmoja."

Mwishowe kijana akasema jambo ambalo Bi Mwanaisha aliliona kilele cha upumbavu wake. Alimwomba mama mkwe atoke, yeye atasimama uani mbali, ili mama mwenyewe akae mbele ya hiyo mashine mpya na aandike jina lake pale palipo wazi.

"Fundi ni mimi au wewe?" Bi Mwanaisha alisimama kabisa, ingawa hakuna aliyemwona. "Mtu umeshindwa kazi, unataka mwenye nyumba akufanyie, halafu ushuke Muheza ukajisifu. Mgosi gani wewe, mwanamume gani? Kaa hapo. Saa inakwenda."

Hakuomba tena. Bi Mwanaisha alisubiri kelele za kibodi asizisikie. Akatega sikio, maana mpiga chapa husikia uchapaji kama wengine wanavyosikia nyayo; aliweza kujua mtu anaandika kwa vidole vingapi, na kama ameshiba. Hakuna kitu. Moyoni alianza kupanga maneno atakayomwambia Hidaya usiku, maneno mazuri, yenye nukta mahali pake. Angemwambia, umeona? Siku nzima mbele ya mashine, na mwisho anaomba kusaidiwa. Huyo ndiye ulitaka kumrudia.

Alasiri Hidaya akarudi na viazi. Mama yake alisikia kiroba kikitua jikoni, kisha nyayo zikielekea sebuleni, na amri ya kutosemezana ikavunjwa bila hata kubisha hodi.

"Vipi?" aliuliza Hidaya.

"Basi tena. Wacha niwahi gari." Sauti ya kijana ilikuwa ya chini, haina lawama ndani yake. "Wewe baki, usigombane na mama."

"Si zimeunganika? Naona taa."

"Zimeunganika tangu asubuhi."

"Sasa inataka nini?"

"Jina. Hii mpya haimfungulii mtu isiyemjua kwa jina."

"Jina la nani?"

Bi Mwanaisha, chumbani, aliacha kupumua kidogo asikie vizuri. Hakusikia neno. Baadaye Hidaya alimweleza mama yake kwamba mumewe alionyesha kwa kidevu tu, kupitia dirishani, upande wa kibao.

Kilichofuata alikisikia wazi. Kiti kilisogezwa. Kikafuata kibodi, vidole viwili, herufi baada ya herufi, na Bi Mwanaisha, aliyelichapa jina hilo maelfu ya mara, alilitambua kwa mdundo wake kabla halijafika katikati. Aliyachukia makosa ya watu muda mrefu kiasi kwamba aliisubiri herufi ikosewe. Haikukosewa.

Hidaya akatokeza kichwa pembeni ya pazia. "Mama, na neno lako la siri. Lazima liwe lilelile."

Akamnong'oneza. Hidaya akarudi, akaandika. "Bonyeza sasa, mama."

Akabonyeza. Kijisanduku hakikutokea. Mashine ya zamani ikafungua tu, kama mlango wa mtu anayekujua, na ndani kukawa na kabati tupu la ile mpya likingoja kazi. Bi Mwanaisha akautuma mtihani mmoja, hisabati ya darasa la saba, na huko sebuleni printa ikakohoa, ikaanza kutema karatasi.

Yeyote mwingine angeshangilia. Yeye alitoka chumbani na miwani mkononi. Kijana alikuwa ameshatoka kwenda uani, amesimama kule mwisho, mgongo kwa nyumba, kama alivyoahidi.

"Kumbe ni hicho tu?" alisema Bi Mwanaisha. "Jina? Siku nzima mtu anashindwa kuandika jina?"

"Hakushindwa, mama." Hidaya alikuwa ameshika karatasi ya kwanza, bado ya moto; kabla mumewe hajatoka alikuwa amembana kwa minong'ono mpaka akayasema yote. "Alijua tangu chai haijapoa."

"Alijua nini? Si alikuwa anabahatisha tu, Mama Mkwe, sijui Mama nani?"

"Jina lako, mama. Aliandike kwa mkono upi?"

Hidaya hakupandisha sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Alikuomba ubadilishe, ukamcheka. Alikuomba uje uandike mwenyewe, ukamwambia ameshindwa kazi. Jina lenyewe liko hapo nje kwa rangi nyekundu, watoto wa shule wanalisoma wakipita. Angeliandika, nusu dakika, na mimi ningekuwa kwenye gari sasa hivi. Alikuwa tayari kushuka bila mimi."

"Si angesema."

"Angesemaje? Na wewe ungesikia?" Hidaya aliiweka karatasi mezani, akainyoosha. "Mimi kwa ajili ya mabati nilikasirika, na nikamaliza. Wewe mama ulikasirishwa na nini? Tangu tuoane, hata siku moja sijakusikia ukimwita. Huyo, huyo, huyo. Hata mbwa wa jirani unamwita kwa jina lake."

Mwanamke aliyewasahihisha wakubwa wote wa ofisi alitafuta kosa katika maneno hayo. Alitafuta kwa bidii, kwa mazoea. Alimtazama binti yake kwa juu ya miwani, halafu akakumbuka kwamba miwani iko mkononi. Aibu ilimpanda shingoni kama homa, na kwa kuwa hakuizoea, kwanza alidhani ni hasira.

Begi la Hidaya halikuchukua muda kufungwa. Lilikuwa limefungwa nusu kwa miezi miwili. Alimbusu mama yake mkono, akasema viazi viko jikoni, vile vyekundu viliwe kwanza. Kutoka uani kijana aliaga bila kugeuza uso, "Kwaheri, mama," na mama akasema "haya", akajisikia mwenyewe jinsi neno lilivyokuwa dogo. Wakaanza kushuka.

Printa ilikuwa imemaliza. Nyumba ilikuwa kimya isipokuwa ile mashine ya chumbani iliyokuwa ikinguruma kwa kuridhika. Bi Mwanaisha alisimama katikati ya sebule, na hapo ndipo alipoliona koti kwenye mgongo wa kiti. Lilikuwa koti jepesi la mtu wa kule bondeni, asiyejua Lushoto jioni huwaje, na ukungu ulikuwa tayari umefunika miti ya juu ya barabara. Alilinyakua akatoka mbio mpaka ukingoni mwa uwanja.

Walikuwa wamefika kwenye kona, wakitembea upesi, kijana mbele na begi la mkewe begani. Neno la kwanza lililomjia mdomoni lilikuwa "we!" Akalimeza.

"Abubakari!" aliita. Sauti ilimtoka kavu, kama ya mtu anayesoma lugha ngeni. "Abubakari!"

Hidaya aligeuka papo hapo. Abubakari aliendelea kutembea. Haikumwingia akilini kwamba katika nyumba ile yupo mtu wa kumwita kwa jina hilo, na ikabidi mkewe amkimbilie amshike mkono.